Wewe ni Nani Wake?

Mgahawa ulifurika mchana ule hadi watu wakawa wanakula wamesimama. Mshona mapazia aliwahi kiti kimoja, akakiwekea alama kwa miwani yake, akaenda kunawa mikono. Aliporudi alikuta kiti kimekaliwa na kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri kwa pasi, na uso wa mtu aliyesikia kitu kikivunjika chini yake.

"Dada, hii ni yako?" akauliza kijana, huku akiinua vipande viwili.

"Ilikuwa yangu. Umeshaikalia, sasa ni yako."

"Jamani, nisamehe. Lakini unaniona kweli?"

"Naona kitu kirefu cheupe. Inaweza kuwa wewe, inaweza kuwa friji."

Kijana alicheka mpaka meza ya jirani ikageuka. Kwa kuwa kosa lilikuwa lake, akamsomea ubao wa vyakula, akamvusha barabara, akampeleka kwa fundi na kukaa naye hadi miwani mpya ikawa tayari. Dada wa watu alipoivaa na kumtazama vizuri kwa mara ya kwanza, alijutia sana kumwita friji.

Alikuwa fundi mitambo katika meli ya jeshi la majini. Tangu siku hiyo yeye akawa Friji, na dada akawa Miwani, na simu zao zikapata kazi. "Umekula, Miwani wangu?" "Nimekula. Wewe je, umeme upo?" Upuuzi mtupu, lakini wapenzi wanashiba kwa huo.

Kisha meli ikapangiwa safari ndefu.

"Mama atakuingiza kwenye kundi la familia za mabaharia, huko mtandaoni," Friji alimwambia. "Wakisikia neno, na wewe utalisikia. Na kabla hatujang'oa nanga nitakupigia."

Hakupiga. Miwani alishinda siku nzima amekaa na simu mapajani, akashona pazia la mteja juu chini.

Kesho yake aliingizwa kundini. Mle hakuna aliyetumia jina lake. Kulikuwa na Mama wa Fundi Mitambo, Mke wa Mpishi, Baba wa Mpiga Mbizi na wengine wengi, na swali la kwanza kwa mgeni lilikuwa moja: "Karibu sana. Wewe ni nani wake?"

Miwani aliandika, akafuta, akaandika tena. Angesema nini? Hajachumbiwa, hajaulizwa. Mwishowe akatuma: "Rafiki wa Fundi Mitambo." Neno lile lilimuuma alipolisoma.

Kundi lilikuwa na mwiko wake. Ilikuwa marufuku kuuliza meli iko wapi au inarudi lini. Kwa hiyo kila asubuhi kila mmoja alituma picha ya kikombe chake cha chai, basi. Maana yake ilikuwa: nimeamka, nasubiri, niko pamoja nanyi. Miwani alituma chake mara moja tu, kimekaa juu ya cherehani kando ya kitambaa cha ndege wa njano.

Kilichomtoa machozi ni kitu kingine. Friji alikuwa mtandaoni! Asubuhi yumo, mchana yumo, Miwani akigeuka kitandani yumo. Alimwandikia, "Friji, umefika salama?" Ujumbe ukafika, haukufunguliwa. Akaandika mwingine, nao ukalala vile vile.

"Kumbe anaye wa kuongea naye," akajisemea. Kwa hasira akaizuia namba yake, akatoka na kundini, na mama wa Friji alipopiga hakupokea. Na wao wabaki na vikombe vyao!

Siku zikasogea kwa kujikokota. Mchana mmoja, duka likiwa limejaa marobota ya vitambaa, akaingia mama mfupi mwenye gauni la maua na mkoba mkubwa kuliko yeye.

"Shikamoo, mama. Unataka mapazia?"

"Marahaba, mwanangu. Namtaka Miwani."

Mkasi ulimponyoka. Jina lile hakuna aliyelijua ila mtu mmoja. Mama akatumbukiza mkono mkobani, akatoa simu yenye ufa kwenye kona.

"Simu ya Friji!" Miwani akaropoka.

"Ya nani?" Mama akamtazama, kicheko kimembana. "Haya, ya Friji. Safari hii walikatazwa simu pale pale kwenye ngazi ya meli. Mimi nilikuwa nimekwenda kumsindikiza, akanikabidhi. Kila nikimkumbuka naiwasha, natazama picha zake. Meseji za Miwani niliziona zikiingia. Sikuzigusa, hizo ni zenu wawili."

Miwani aliketi juu ya robota. "Kwa hiyo huyo aliyekuwa mtandaoni muda wote..."

"Ni mimi."

"Hata usiku, mama?"

"Nina mtoto mmoja tu, naye yuko majini. Usingizi niutoe wapi?"

Miwani alifunika uso kwa viganja. Aliona aibu, na chini ya aibu alifurahi mno.

"Wiki iliyopita alipata zamu ya simu ya meli," mama aliendelea. "Namba anayoikumbuka kichwani ni yangu peke yake. Akakuulizia wewe. Nikamwambia umetoka kundini, na nikikupigia hupokei. Akaniomba nikutafute. Nikalilia kundini. Mke wa Mpishi ndiye aliyekikumbuka kikombe chako. Akasema kitambaa kile cha ndege amekiona dirishani kwa mshonaji wa mtaa huu. Leo ni zamu ya mwanangu tena. Zamu hii nakupa wewe."

"Mama, siwezi kukunyang'anya..."

"Nani kanyang'anywa? Kaa hapo, tungoje."

Walingoja bega kwa bega, mama akikunja vitambaa visivyohitaji kukunjwa. Simu ya mama mwenyewe ilipolia, aliipitisha kwa Miwani bila kuitazama.

"Mama?" sauti ilitoka mbali, ikikwaruza.

"Friji," Miwani akasema.

"Miwani? Miwani wangu! Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Mimi ndiye mjinga, nitakueleza ukirudi. Nilidhani una mwingine."

"Mwingine nimpate wapi? Huku tuko wanaume watupu na injini." Nyuma yake watu walicheka. "Sikiliza, wenzangu wamepanga foleni. Kundini ulipoulizwa, ulisema wewe ni nani wangu?"

"Nilisema rafiki."

"Kabadilishe."

"Niandike nini?"

"Andika mchumba. Kama unanikubali, Miwani. Unanik..."

Laini ikakatika.

Miwani aliitikisa simu kama chupa ya dawa. "Sijamjibu! Mama, hajasikia jibu langu! Atakaa wiki nzima akidhani nimemkataa!"

"Jibu lenyewe ni lipi?"

"Ni ndiyo, mama! Ndiyo!"

Mama alishaanza kuandika kundini, kidole kimoja kimoja, huku akisoma kwa sauti: "Mke wa Mpishi, zamu inayofuata ni ya mumeo. Tafadhali amwambie mwanangu kwamba Miwani amesema ndiyo."

Walikaa wakikodolea kioo kile. Hatimaye ikaja sauti ya Mke wa Mpishi, akihema kwa kicheko: "Ujumbe umefika! Mume wangu kauacha mkono wa simu unaning'inia, kakimbia kumwambia. Kelele zilizopigwa huko nimezisikia mwenyewe. Hongera, mdogo wangu. Dakika zangu zimekwisha, lakini sijutii hata moja."

Mama alimkumbatia Miwani, na kwa kitambo duka zima lilikuwa la wanawake wawili wanaolia na kucheka.

Asubuhi iliyofuata Miwani, aliyerudishwa kundini, aliweka kikombe chake juu ya cherehani, akapiga picha. Chini yake akaandika: "Mchumba wa Fundi Mitambo. Asanteni kwa kunitafuta." Vikombe vikamiminika.

Kisha akaifungulia ile namba aliyoizuia. Friji alikuwa mtandaoni. Miwani akatabasamu, akaandika, "Shikamoo, mama. Leo huu ufungue, ni wako. Umelala japo kidogo?"

Ujumbe ukafunguliwa papo hapo.