Misalaba Mitatu Kwenye Theluji

"Ichukue pete yako, Rosaire, kabla sijaidondosha kwenye shira."

Noëlla alisema hivyo akiwa amenipa mgongo, anachemsha utomvu wa miti ya mepo uwe shira, kwenye sinia kubwa la bati. Kibanda kizima kilijaa mvuke mtamu. Namwona, namkosa, namwona tena, kama mtu wa ndotoni. Nje theluji ya Machi ilishaanza kulegea, na kisiwa chote cha Orléans, huku kwetu Kanada, kilikuwa kimya, ndoo tu zilizotundikwa mitini zikidondokewa utomvu tone kwa tone.

Asubuhi alinitumia ujumbe: "Usinunue suti. Njoo nikueleze." Suti nilishanunua. Harusi ilibakiza wiki mbili.

Mimi kuachwa sikuanza leo. Mke wangu wa kwanza aliondoka na mbwa, na mpaka leo mbwa namkumbuka.

"Kuna mwingine?"

"Hakuna."

"Ni huu upara?"

Alitaka kucheka, akajizuia. Akaniambia nilichokuwa nakijua nusu: alisharudisha pete mbili kabla ya yangu. Kila siku ya harusi ikikaribia, kifua kinambana. Halafu kuna lile jiwe la ukoo mbele ya kanisa, limechongwa Toussaint Brisebois, wa kwanza wao kutoka Ufaransa, na Mathurine, "mke aliyempenda yeye peke yake". Shangazi yake Fernande, aliyeandika kitabu cha ukoo, hulisugua kila kiangazi huku akimtazama Noëlla.

"Wanawake wa kwetu walipenda mara moja wakatulia, Rosaire. Miaka mia tatu na hamsini na ushee. Mimi ndiye nimetoka na kasoro. Nitakuumiza na wewe."

Nikatoa bahasha kwenye koti. Ilikuwa zawadi yake ya harusi. Majira yote ya baridi, siku nisizokuwa na barabara ya kusafisha theluji, nilikuwa kwenye hifadhi ya nyaraka za kale mjini Quebec, namfuatilia huyo Toussaint kwenye karatasi za makarani wa mikataba.

"Soma."

Akasoma polepole. Oktoba 1669, Mathurine, mmoja wa wasichana walioletwa kwa meli ya mfalme waolewe, anakubali mbele ya karani kuolewa na mwashi. Siku kumi na moja baadaye, mkataba umefutwa. Novemba, anakubali mkulima. Umefutwa. Toussaint alikuwa wa tatu.

"Wawili?" Mwiko ulisimama mkononi. "Aliwaacha wawili? Shangazi anajua?"

"Najua," ilisema sauti mlangoni. Shangazi Fernande alikuwa ameleta mayai. "Najua tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilidhani ni aibu, nikaruka ukurasa."

"Shangazi, na mimi ukanitazama vile miaka yote?"

Bibi yule akayaweka mayai chini. Akasema wengi wa wasichana wale walifanya hivyo; msichana anashuka melini, wanaume wamejipanga pwani, nani angempata wake siku ya kwanza? Kisha kwa sauti ndogo: "Nisamehe, mwanangu."

"Soma jina la yule wa pili," nikasema.

"Léger Courtemanche." Akaniinulia macho. "Rosaire, huyu ni wa kwenu."

"Babu yetu wa kwanza huku. Kuachwa na nyinyi kwetu ni urithi."

Safari hii alicheka, machozi yakamtoka. "Maskini. Alifanyaje?"

"Geuza ukurasa."

Mkataba wa Toussaint. Chini, msalaba wa Mathurine ambaye hakujua kuandika, na kando yake, kwa mashahidi, msalaba wa Léger.

"Alikwenda harusini?"

"Alikwenda. Baadaye naye akaoa, ndiyo maana nipo. Ukiniacha nitaumia, Noëlla, halafu siku moja nitakuja kula keki yako. Ila niache kwa sababu hunitaki, si kwa sababu ya jiwe."

Mvuke ulimfunika. Kisha akachota shira ya moto, akatoka nje, akaimimina juu ya theluji safi, ambako huganda kama peremende laini: mstari mmoja, na mwingine ukiukata.

"Wangu huo. Wewe unajua kuandika?"

"Sijui," nikadanganya.

Nikaweka wangu kando ya wake. Shangazi akaweka wa tatu, umepinda, wa shahidi. Noëlla akavaa tena pete, vidole vyote vinanata.

Shangazi akauliza huo mkataba tutauhifadhi wapi asije mtu akaufuta.

Tukachukua vijiti, tukauzungusha ungali vuguvugu, tukaula wote.