Toboa Bila Kusita

Jamaldin alikuwa akifagia karakana yake ya kukereza mbao na pembe, chini ya nyumba yake pale Kibokoni, afunge awahi maghrib, mgeni aliposimama mlangoni. Alijiita Gunga. Alitoa kijiti cheupe, kinene kama kidole gumba: pembe ya bandia, akasema, ya kiwandani. Alitaka kitobolewe kiwe kalamu ya wino, maana vita vimezizuia za Ulaya.

Alikuwa na masharti mawili. Kitobolewe mara moja bila kusita. Na chenga zote apewe yeye.

Makubwa haya! Tangu lini mteja akamfunza fundi? Kitu cha bandia hutobolewa kidogo kidogo. Unatoboa, unachomoa kekee ya kutobolea, unapuliza chenga, kinapoa. Ukikazana kinapasuka. Jamaldin alimshuku, lakini mkewe, Mwanaesha, alikuwa huko juu ghorofani na mimba ya miezi saba, na kazi ni kazi.

Akazungusha kekee.

Huko juu, Mwanaesha akaguna.

Akasita. Kimya...

Akazungusha tena. Kekee ikazama, Mwanaesha akalia. Na ile harufu... Seluloidi, hiyo pembe ya bandia, hunuka kafuri, hilo alilijua. Hii ilinuka nywele zinazoungua. Akachomoa. Kwenye ncha palikuwa na unywele mrefu, mwekundu kwa hina.

Juma lililopita Mwanaesha alikusanya nywele zake zilizotoka kwenye kitana, azizike kama ada. Hakuziona tena. Akamlaumu paka.

"Usisite, fundi," Gunga alinong'ona.

"Sikitoboi. Chukua kitu chako."

Ndivyo alivyolelewa: kitu cha mteja ni amana, hata kiwe cha shetani hurudishwa. Gunga aliokota chenga moja moja, akalichungulia tundu, akatabasamu.

"Nusu si haba," akasema, akatoka.

Jamaldin akapanda ngazi mbio. Mwanaesha alikuwa ameketi, jasho likimtiririka, mkono tumboni. Alisema maumivu yamekoma ghafla, kama aliyechomolewa kitu. Jamaldin akamshukuru Mola. Kisha akakumbuka lile tabasamu la Gunga.

Mjinga yeye! Kijiti kilichotobolewa nusu humaliziwa kwa upande wa pili. Fundi yeyote anaweza. Na fundi wa karibu ni Dawoodbhai wa Makadara, mzee asiyesikia vizuri, wala haulizi maswali.

Alikimbia bila viatu. Adhana ikaanza. Mlango wa Dawoodbhai ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani. Akagonga, akaita, akagonga.

Ndani kekee ilikuwa ikizunguka.

Mfululizo. Haikusita.