Albamu ya Fundi Lifti

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imejaa pomoni. Mshonaji wa magauni ya harusi alijibana kwenye kona, amekumbatia jora la satini nyeupe, huku ngurumo zikimfikia kutoka kwenye hedifoni za kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu.

"Kaka, umewasha jenereta humo?"

Kijana, fundi wa lifti za jengo hilo, alitabasamu akampa upande mmoja asikilize. Magitaa yalisaga kama cherehani zinazoshona bati. Ngoma zikamkimbiza moyo. Halafu mtu akanguruma. Ghorofa yake ikampita hivihivi.

"Ni a-albamu ya hevi metali," fundi alisema, akainamisha macho kwa haya ya kigugumizi. "Ni-nikutumie?"

Akamtumia. Tangu hapo simu haikukauka. Fundi alimwita Satini, naye mshonaji alimtania kwamba amepata bwana wa kusikiliza, wa kuongea atamtafuta baadaye.

"U-umeimaliza?" fundi aliuliza alasiri moja.

"Nimeimaliza, kipenzi. Magitaa nimeanza kuyazoea. Lakini huyo mwimbaji, jamani! Anaumwa jino? Mtu mzima anabweka vile, hana mama?"

Alicheka peke yake. Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupokewa. Kesho yake vilevile.

"Mwanamume gani ananuna kwa sababu ya muziki?" alifoka mbele ya kioo.

Jibu lilikuja na dada yake fundi, bibi harusi mtarajiwa aliyekuja kujaribu gauni.

"Wifi, umemfanya nini kaka yangu? Hali, halali."

"Nilimcheka mwimbaji wake tu."

"Mwimbaji ndiye yeye! Tangu utotoni watu humkatiza, wanamalizia maneno yake. Akiimba hakwami hata kidogo."

Pini zikamdondoka mshonaji mkononi.

Alipobaki peke yake alifunga kibanda chake cha kushonea, akajilaza juu ya mabaki ya satini, akaianza albamu upya. Safari hii hakushindana na kelele. Aliziacha zimfunike kama mvua kubwa inavyofunika paa, mpaka akahisi anaelea. Chini ya ngurumo kulikuwa na gitaa moja likilia taratibu, na ule mngurumo ukaanza kuwa maneno: mtu amesimama nje ya mlango, anaomba asubiriwe kidogo tu. Haikuwa hasira. Alilia kimya, usingizi ukamchukua humohumo.

Asubuhi alimkuta fundi amepiga magoti mbele ya lifti iliyofunguliwa, watu wamepanga foleni wakinung'unika.

"Nisamehe. Nilicheka sauti nisiyoijua."

"Si-sikukwambia."

"Ule wimbo wa mlango, ulimwimbia nani?"

"S-sikuwa nimemjua bado."

"Na sasa?"

Fundi alisimama, akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Na-naomba ni-ni-ni..."

Mzee mmoja kwenye foleni alifungua kinywa kumsaidia. Mshonaji akamwinulia kiganja, macho yake yasibanduke usoni pa fundi. Hakuwa na haraka. Angeweza kusimama pale mpaka jioni.

"...nikuoe."

"Nioe," alisema, akaishika mikono ya fundi, akaikumbatia kifuani. Grisi ikaingia kwenye blauzi yake ya njano, wala hakuitazama.