Hodi Ndani ya Tangi

Msinicheke. Aliyenisimulia haya ni rafiki yangu, fundi bomba, mtu ambaye hata utani wa kawaida humshinda.

Mdogo wake, muosha matangi ya maji, alikuwa hajarudi nyumbani tangu juzi. Mama yao hali, halali. "Mwanangu, kamtafute ndugu yako," alimsihi. "Usinirudie peke yako."

Akaenda mchana kweupe kwenye kiwanda kilichofungwa, ambako mdogo wake alikuwa amepata kibarua. Hakukuta mtu. Ngazi ilikuwa imeegemea tangi kubwa la chuma, na mfuniko wa juu ulikuwa wazi.

Waosha matangi wana utaratibu wao. Mmoja akiingia, mwenzake hubaki nje. Wa nje hugonga mara mbili kuuliza kama mwenzake yu mzima. Wa ndani hujibu mara tatu.

Rafiki yangu akagonga mara mbili. Kimya. Akapanda, akaita kwenye ule uwazi, "Dogo! Mama hali kwa ajili yako!" Akarudishiwa mwangwi wa sauti yake. Wasiwasi ukamzidi, akashuka ndani peke yake.

Giza totoro. Akamulika kwa simu. Tangi lilikuwa kavu, tupu, ila ndala za mdogo wake zimepangwa vizuri kando ya ukuta.

Mara, nje kukagongwa mara mbili.

"Nani?"

Kukagongwa tena mara mbili, kwa nguvu zaidi. Akainua mkono ajibu. Kabla hajaugusa ukuta, mgongoni kwake, mle mle ndani, pakagongwa mara tatu.