Njano ya Kidoti

Kwanza jamani walicheka. Si bosi katoka njano! Picha yake ya kitambulisho cha kazi, uso mzima kama mtu aliyeangukia gunia la manjano. Ofisi nzima kwa-kwa-kwa, mpaka mhasibu akashika mbavu.

"Mama Pacha, leo mmeniunga mchuzi?" bosi akauliza.

Mama Pacha ndiye katibu, na printa ya rangi iko ubavuni mwa meza yake. Akacheka na yeye. Maskini, alikuwa hajacheka tangu azike. Mapacha wake walikuwa wawili, Kidoti na Bonge. Kidoti pumu ilimchukua, amevaa sweta lake la njano.

Fundi akaitwa. Akabadilisha wino, akapangusa vumbi, wapi! Kila kitu njano.

"Dada, hii inataka kusawazishwa rangi," akasema. "Inatoa karatasi yenye viraka vya rangi, tunailaza hapa kwenye kioo, tunafunika, inajisoma yenyewe, inajirekebisha."

Akailaza. Simu yake ikaita, akatoka kuongea. Mama Pacha akafunua kifuniko, akaichomoa karatasi. Fundi kurudi, mashine imegoma! Akaweka tena, na kesho yake tena. Akigeuka tu, mwenzangu kashachomoa.

Utasema kichaa. Wala! Ile mashine ikipata moto ilikuwa inanuka poda ya mtoto. Na kabla ya kutoa karatasi ilikuwa inavuta pumzi, hiii... hiii... vilevile kama Kidoti pumu ikimbana. Mama wa watu anaegesha sikio pale, ananong'ona, "Nipo, mwanangu. Mama nipo."

Halafu Bonge akaanza kubadilika. Macho kwanza, kisha viganja. Njano. Hospitali wakapima damu, wakapima mkojo, hawakuona kitu. Mtoto aliyekuwa anamaliza sahani mbili akawa anasukuma chakula, anaegemea ukuta, anavuta pumzi hiii, hiii, yeye ambaye pumu haijui kabisa, na kadiri karatasi za kule ofisini zilivyozidi kukolea ndivyo na yeye huku nyumbani alivyozidi kukolea, mpaka asubuhi moja mama anamvalisha shati, mtoto akamwambia taratibu, "Mama, Kidoti anasikia baridi. Anasema atanivaa mimi."

Mama Pacha alifika ofisini anahema.

"Fundi, njoo. Karatasi nilikuwa naichomoa mimi."

Fundi akashusha sauti. "Hiyo poda hata mimi naisikia, dada. Niache nibonyeze mimi."

"Mwanangu huyo. Nitabonyeza mwenyewe."

Akailaza karatasi, akafunika, akabonyeza, akaweka mkono juu ya kifuniko. Taa ikaanza kutembea chini ya kioo, harufu ya poda ikajaa chumba kizima mpaka fundi akaziba pua, na pumzi ikaanza, hiii, hiii, haraka haraka, halafu ndani ya ile pumzi kikatoka kisauti, "Mama, giza, Mama nifungulie," na kifuniko kikawa kinasukumwa kutoka ndani, kwa nguvu kidogo tu, nguvu za mtoto, na Mama Pacha kakikandamiza kwa viganja vyote viwili, machozi yanamdondokea mikononi, anasema usiogope mwanangu, usiogope, usiogope, mpaka taa ikafika mwisho ikazimika.

Mama Pacha akaondoa mikono.

Wakachapa picha ya bosi. Weusi wake uleule wa siku zote. Hakuna aliyecheka.

Bonge akapona, jamani. Macho meupe pe, sahani ya pili akaiita mwenyewe. Siku hiyo alipokwisha kula mchana, mama akamlaza, akakaa kitandani kumfunika.

"Mama, Kidoti anauliza."

Mama Pacha akaacha kumfunika. "Anauliza nini?"

"Ule mkono uliomzuia asitoke, ulikuwa wa nani?"

Mama Pacha akaficha mikono yake chini ya shuka.

"Mwambie wa fundi," akasema.

Bonge akageukia mto mtupu, akaunong'oneza.