Njegere za Kunusa

Saa kumi na moja jioni, wakati watu wa ofisi zote wanataka kwenda nyumbani, lifti ya jengo ilikwama ghorofa ya tisa. Fundi aliyeitwa alipanda kwa miguu. Ndiyo kazi ya fundi lifti hiyo: wengine wanapandishwa, yeye anaitwa lifti ikishakufa, kwa hiyo kwa miaka kumi na sita alikuwa mtu wa ngazi, na magoti yake yalishaanza kulalamika. Alipofika juu, shati limemganda mgongoni na begi la spana linamvuta bega, alikuta umati unanung'unika mbele ya mlango uliofunguka nusu. Mianzi sita mirefu ilikuwa imejibana katikati yake.

“Nani kaingiza msitu kwenye lifti?” aliuliza.

“Mimi.” Mwanamke alichungulia kutoka ndani. Alivaa gauni la bluu iliyokolea, koti jeupe la kazini kalikunja mkononi, na vumbi la plasta lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. “Na kabla hujaanza kunifokea, Fundi, ujue nimeshafokewa na jengo zima.”

“Mianzi yote hii ya nini?”

“Ya njegere.”

Fundi alikuwa amejiandaa kukasirika, ila uchovu ulimzidi nguvu, akacheka. Aliichomoa mianzi mmoja mmoja, akaitengeneza reli ya mlango, umati ukateremka. Wao wawili wakabaki, maana hakuna aliyekubali kupanda lifti na mianzi ile tena. Wakaibeba kwa ngazi, yeye mbele, mwanamke nyuma.

“Zikiiva uniite nije kula,” alisema walipofika chini.

“Haziliwi hizi, zina sumu. Zinatoa maua. Ni za kunusa tu.”

“Mtu mzima na akili zako unapanda njegere za kunusa?”

“Kutwa nzima natengeneza meno bandia ya watu. Nikifika nyumbani nataka kitu kisichotafuna.”

Fundi alikwenda kulala akicheka peke yake. Hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumapili alikwenda kusimika mianzi, kwa kisingizio kwamba yeye ndiye anayejua urefu wake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi cha hatua saba kwa nne, ukuta, na bomba linalovuja. Mbegu zilikuwa zimelowekwa kwenye glasi jikoni, aina ileile yanamolazwa meno bandia ya wazee usiku.

“Hii glasi ilikuwa na nini kabla?”

“Usiniulize, kunywa chai yako.”

Wakapanda pamoja, mbegu mbilimbili kila mguu wa mwanzi. Baada ya hapo simu ikawa haitulii. “Mama Meno, umekula?” “Nimekula. Wewe umepanda ghorofa ngapi leo?” “Thelathini na mbili.” “Pole, mpenzi. Weka miguu juu ya mto.” Mapenzi ya watu waliochoka ndivyo yalivyo. Hawakuwa na nguvu za kwenda kucheza muziki, walikaa kwenye vigoda viwili wakitazama udongo, na mara nyingi mmoja alisinzia kabla mwenzake hajamaliza sentensi. Lakini fundi alipewa ufunguo wa geti, na ufunguo ule aliuvaa shingoni.

Miche ilipotoa majani mawili, kampuni ikamwambia kuna mji mwingine unahitaji fundi. Aende miezi miwili kwanza, kisha asaini barua ya kuhamia moja kwa moja, au akatae arudi. Jioni hiyo hakusinzia.

“Niambie nisiende, sitakwenda,” alisema. “Nataka kukuoa.”

Mwanamke aliinama akauegemeza mche mmoja kwenye mwanzi. “Niliharakishwa kuolewa mara moja, na kutoka kulinichukua miaka tisa. Usiniharakishe. Ua la kwanza likifunguka, nitakupa jibu.”

“Jibu la maua?”

“La kwangu. Maua yanipe muda tu.”

Akakubali. Tangu siku hiyo aliitunza miche ile kuliko alivyotunza kitu chochote maishani. Alijua mche upi umeinama na upi umeshika kamba.

Alhamisi moja mchana alipitia pale kuziba bomba, mwenyewe yuko kazini. Akafungua geti, akasimama. Miche yote ilikuwa imekatwa vichwa. Yote, hata ule mrefu wa pembeni aliokuwa akiupima kwa spana. Vichwa vya kijani vilikuwa vimelala kwenye udongo, vimeanza kunyauka, na dirishani ulikuwa mkasi mdogo wa kazini, ule wa kukatia nta ya meno. Si mbuzi huyu, wala si mwizi.

Aliketi kwenye kigoda chake. Mche usio na kichwa utatoa wapi ua? Na ua lisipofunguka, jibu halidaiwi. Kumbe mtu anaweza kukukataa kistaarabu kiasi hicho, bila kufungua mdomo! Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu hakuwa na nguvu za kugombana. Aliuvua ufunguo shingoni, akauweka chini ya chungu, akaondoka. Bomba aliliacha likivuja.

Jioni simu iliita mara tatu, hakupokea. Ukaja ujumbe: “Fundi, bomba bado linavuja, vipi?” Aliusoma akaona huyu mwanamke ana roho ngumu. Kesho yake akapanda gari akaenda zake. Naye mwanamke alipouona ufunguo chini ya chungu, hakupiga tena. Alishaona ndoa moja ikivunjika, hakuwa na haja ya kuelezwa namna inavyokuwa.

Mji mpya ulikuwa na ngazi zilezile. Wiki saba alipanda na kushuka, akala wali wa baridi kwenye chumba chenye kitanda na msumari wa kutundikia shati. Dada yake mkubwa, aliyebaki kule mji wa kwanza na ambaye hajawahi kuliona jambo la mdogo wake akalinyamazia, alimpigia Jumamosi.

“Yule mama wa meno alikukosea nini hasa?”

“Alikata vichwa.”

“Vya watu?”

“Vya miche, dada! Yote. Ili isitoe maua asinijibu.”

“Mdogo wangu, umepumzika lakini?”

“Dada, niache.”

Hakuachwa. Dada alikata simu ile akapiga nyingine, na hilo fundi hakulijua.

Jumanne alikuwa ghorofa ya kumi na moja ya jengo la bima, amekaa sakafuni mbele ya kisanduku cha umeme. Lifti ilishapona tangu saa nne. Hakuwa na haraka ya kushuka, kwa sababu chini kulikuwa na posta, na begini mwake ilikuwamo barua ya kusaini. Akasikia hatua kwenye ngazi. Hatua tatu, pumziko, hatua mbili, pumziko refu, halafu sauti inayomnung'unikia mtu.

Mama Meno alitokeza akishika ukuta. Gauni lilikuwa lilelile la bluu, viatu kavishika mkononi, kilemba kimelegea, na kwapani kabana boksi la viatu. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho, akainua kidole kimoja kuomba asisemeshwe.

“Kumi na moja,” alisema hatimaye. “Kwa miguu. Chini wameniambia lifti ina fundi.”

“Umefikaje huku?”

“Dada yako. Fungua.”

Fundi alilipokea boksi, akalifunua. Harufu ilitoka kabla hajaona rangi, harufu tamu ya kitu kama asali, ikapita katikati ya grisi na vumbi ikamfika moja kwa moja. Yalikuwa maua mengi, ya waridi, ya zambarau, meupe, yenye petali nyepesi zilizokunjamana pembeni, mashina yamezungushiwa pamba ya kazini kwake.

“Haya ni ya mche gani?” aliuliza polepole.

“Ile niliyoikata vichwa.”

Fundi alichukua ua moja, akalitazama shina lake.

“Imeandikwa nyuma ya pakiti, ungesoma. Mche ukifika majani manne unaukata ncha, unatoa matawi mengi. Usipoukata unakwenda juu peke yake na vimaua vitatu.” Akapiga ngazi kwa kiatu. “Wiki saba, Fundi! Umenihukumu kwa mkasi, hukuniuliza hata neno moja. Nilidhani umenichoka.”

“Mimi nilidhani umenikataa.”

“Mtu anayetaka kukataa anahangaika kuzidisha maua? Jibu nilikuwa nalo siku niliyoshika mkasi. Nilitaka yafunguke mengi, siku ya kukupa.”

Aibu ilimshika mpaka masikioni. Alisogea akakaa ngazi moja chini yake, akamshika miguu iliyovimba. “Nisamehe. Nilikuwa nimechoka, mpenzi, nikaona bora nijue baya mapema.”

“Hata mimi nimechoka. Sikupanda ngazi zote hizi kuja kushindana nani amechoka zaidi.” Akafuta macho kwa kiganja. “Haya maua yanataka kukatwa kila siku. Yakiachwa yakafunga maganda, mti unaona kazi yake imekwisha, unaacha kuchanua. Leo anakata dada yako, kwa ufunguo wako. Kesho sijui.”

Pamba ilikuwa imekauka, mashina yameanza kulegea. Fundi alichukua chupa yake ya maji, akaloweka pamba, akatafuta cha kufungia. Akashika kitambaa chake cha kazi.

“Wewe! Kina grisi hicho!”

Akakirudisha. Akaingiza mkono begini, akatoa barua ya kampuni, akaikunja mara mbili, akaviringisha nayo mashina. Mwanamke alisoma mstari wa juu kabla haujalowa, akamlalia begani kwa kichwa chake chote.

“Twende kwa lifti,” alisema fundi.

“Imepona?”

“Tangu asubuhi.”

“Nawe ukaniacha nipande ngazi zote hizo?”

“Ningejua ni wewe ningekufuata nikubebe.”

“Na magoti hayo?”

Waliingia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisimama ndani ya lifti bila spana mkononi. Mlango ulijifunga, harufu ya maua ikajaa kila kona.

“Bonyeza basi,” alisema Mama Meno, amefumba macho. “Tukikawia, yatafunga maganda, dada yako ayapike.”