Folda ya Elisée

Haya yalimkuta yaya wangu Mwansa, mkubwa wangu wa tumbo moja, alipokuwa akitunza mashine za redio moja ndogo huku Kampemba. Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida. Umeme ulikuwepo, wauza mikate walikuwa wanapita, na bosi wake, Patron Stanislas, alikuwa anasubiri mafundi wamalizie rangi ya studio mpya.

Studio ya zamani iliungua mwaka jana. Mtangazaji Elisée alifia ndani, mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Patron ndiye aliyeufunga, kwa kuogopa wezi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mjane wa Elisée, Albertine, alipewa gunia la unga.

Sauti zote za redio zilikaa kwenye seva moja ofisini, kila mtangazaji na folda yake. Kila mashine ya studio ilipachikiwa folda za seva kupitia waya, ikaziona kama zake yenyewe.

"Ile dossier ya Elisée, ile folda yake, uitoshe leo, ufute yote," Patron alisema. "Sitaki kuiona tena."

Yaya alikaa kwenye seva yenyewe, akaamuru folda iachiliwe ili aifute. Seva ikakataa: inatumika. Akauliza, nani anaitumia?

Seva ikajibu: Elisée. Kutoka mashine ya studio ya zamani.

Mashine hiyo iliyeyuka motoni. Yaya mwenyewe alizoa mabaki yake.

"Patron," alinong'ona, "kuko muntu mule ndani."

"Muntu gani? Chomoa waya!"

Akauchomoa kwenye seva. Taa ya mtandao ikazima. Kwenye folda likatokea faili jipya la sauti. Likawa linakua.

Yaya akalifungua. Zikasikika ngumi kwenye mlango. Ngumi tena. Kisha sauti ya Elisée, chini chini: "Patron, fungula. Niko nakufa."

Na kutoka upande wa pili wa mlango, sauti ya Stanislas ikiwaamuru watu waokoe vyombo: "Mutoshe kwanza mashine za ofisi. Ye atangoja."

Yaya alimgeukia. Patron hakushangaa. Aliangalia tu kama mlango wa ofisi umefungwa vizuri, akainama, akafuta kila kitu kwa mkono wake.

Siku hiyo hiyo yaya alifukuzwa kazi. Alikwenda kumweleza Albertine.

"Nilijua," Albertine alisema, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Stanislas bado ni patron. Sasa anatangaza mwenyewe kila asubuhi, peke yake studioni. Kampemba nzima tunasikia: nyuma ya sauti yake kuna mtu anakohoa, kikohozi kikavu cha moshi. Yeye anaapa hasikii kitu.

Wiki hii kikohozi kimesogea karibu zaidi na maikrofoni.